Shabiki wa baiskeli anayenyeshewa mlimani naye aandikiwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji. Kila Mei Giro d'Italia inapoanza, na kila Julai ikifika zamu ya Tour de France, kurasa za michezo hutuletea habari za waendesha baiskeli waliovuka milima wakinyeshewa, wakamaliza hatua, yaani mbio za siku moja, vidole vimekufa ganzi hata kufungua zipu hawawezi. Tunazisoma kwa hamu. Anayesahaulika ni yule aliyesimama kando ya barabara kwa muda wa saa sita hadi nane akiwasubiri. Mbio hizi hazina jukwaa wala paa, na mlimani mara nyingi hakuna hata kizuizi cha chuma kati ya shabiki na mshindani. Hali ya hewa ikichafuka, shabiki asiyejiandaa anajiumiza mwenyewe, tena anaweza kuwaumiza wanaoshindana.

Ushahidi upo. Tarehe 14 Julai 2016 hatua ya 12 ya Tour ilikuwa imalizikie kileleni Mont Ventoux. Kule juu upepo ulitarajiwa kuvuma kwa kasi ya zaidi ya kilomita 100 kwa saa, kwa hiyo siku moja kabla waandaaji wakaushusha mstari wa kumalizia kilomita 6, hadi Chalet Reynard. Uamuzi ulikuwa sahihi kabisa. Lakini watu ambao wangetawanyika mlima mzima walibanana kwenye kipande kilichobaki. Karibu na mwisho pikipiki ya mbio ikakwama mbele ya umati uliojaa barabarani, mwendeshaji Richie Porte akaivaa kwa nyuma, na wenzake Bauke Mollema na Chris Froome, yule mzaliwa wa Nairobi aliyekuwa na jezi ya njano ya anayeongoza Tour, wakaanguka pamoja naye. Dunia ikamwona Froome akipanda mlima mbio kwa miguu, baiskeli yake imevunjika. Picha hiyo kila mtu anaikumbuka. Chanzo chake hakizungumzwi sana: upepo uliyahamisha mashindano, na umati ukahama bila mpango.

Kwa hiyo jambo la kwanza shabiki alijue ni kwamba hatua aliyoiona kwenye ramani inaweza isiwe hatua itakayokimbiwa. Tangu 2016 UCI, shirikisho linalosimamia baiskeli duniani, ina utaratibu wa hali mbaya ya hewa. Ikitishia mvua inayoganda, theluji inayojikusanya barabarani, upepo mkali, joto au baridi ya kupindukia, ukungu unaoziba macho au hewa iliyochafuka, waandaaji hukutana na wawakilishi wa waendeshaji na wa timu, daktari wa mbio, mkuu wa usalama na kiongozi wa waamuzi. Wanaweza kusogeza saa ya kuanza, kuhamisha mwanzo au mwisho, kusimamisha ushindani kwenye kipande fulani, au kufuta hatua nzima. Mwaka 2013 hatua ya 19 ya Giro, iliyokuwa ivuke milima ya Gavia na Stelvio, ilifutwa yote kwa sababu ya theluji. Mwaka 2021, hatua ya Giro ya kwenda Cortina d'Ampezzo ilinyang'anywa milima ya Fedaia na Pordoi, ukabaki Giau. Mwaka 1996 hatua ya Tour ya kwenda Sestriere ilikatwa ikabaki kilomita 46. Na tarehe 26 Julai 2019 mvua ya mawe na maporomoko ya udongo viliziba njia karibu na Val d'Isère wakati mbio zinaendelea. Waamuzi wakachukua muda wa kila mtu pale kileleni Col de l'Iseran, Egan Bernal akavaa jezi ya njano, na waliokuwa wamejipanga Tignes kwenye mstari wa mwisho hawakuona mwendeshaji hata mmoja akimaliza.

Somo la matukio hayo ni moja: kinachokatwa kwanza ni juu. Ukichagua kilele, chagua pia mahali pa pili bondeni, kabla ya kupanda kuanza, na ujue njia ya kufika huko kabla barabara haijafungwa. Uamuzi hutoka jioni ya kuamkia siku ya hatua au asubuhi ile ile, na mara chache, kama 2019, mbio zikiwa njiani. Pakua ramani na ratiba kwenye simu ungali na mtandao, maana maelfu ya watu wakijazana kwenye mlima mmoja mtandao hulemewa. Simu iweke mfuko wa ndani karibu na mwili, kwa sababu baridi humaliza nguvu ya betri upesi. Redio ndogo ya betri bado ina thamani yake. Picha za televisheni hurushwa kutoka pikipiki kwenda kwa helikopta na ndege zinazozunguka juu, na mawingu yakishuka ndege haziruki. Ndivyo ilivyokuwa siku ile ya Giau mwaka 2021: sehemu muhimu kabisa ya mbio haikuonekana.

Ratiba nayo ina namna yake ya kusomwa. Waandaaji huweka nyakati tatu za kupita kwa kila mahali, kufuatana na kasi tatu za kukisia. Chukua mfano wa mahali palipo kilomita 120 kutoka mwanzo. Wakienda kilomita 42 kwa saa watapita baada ya saa 2 na dakika 51. Wakienda 38, baada ya saa 3 na dakika 9. Tofauti ni dakika 18, na siku ya mvua na upepo wa mbele wanaweza kuchelewa kuliko hata kasi ya chini kabisa iliyoandikwa. Kuwa mahali pako kabla ya saa ya kasi kubwa, na ubebe nguo na chakula kana kwamba watachelewa saa nzima. Kwenye Tour, msafara wa magari ya matangazo hutangulia waendeshaji kwa takriban saa mbili, na barabara hufungwa kabla ya msafara huo kupita. Kwenye milima maarufu magari huzuiwa mapema zaidi, pengine tangu siku iliyotangulia.

Sasa baridi, ambayo ndiyo inayowadanganya wengi. Mtu anatazama utabiri wa mji wa bondeni, anaona nyuzi 15, anabeba sweta moja. Hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Ukitoka bonde la mita 700 hadi njia ya mlimani ya mita 2,700, kama zilivyo zile za juu kabisa za Alps, nyuzi 15 zimebaki 2. Upepo wa kilomita 40 kwa saa ukikupiga usoni, ngozi inahisi kama nyuzi 5 chini ya sifuri. Hiyo ni hesabu ya mtu mkavu. Aliyelowa ana hali mbaya zaidi, kwa sababu maji hunyonya joto la mwili haraka kuliko hewa.

Tena shabiki ana upungufu ambao mwendeshaji hana. Mwendeshaji anayepanda kwa nguvu zake zote ni kama tanuri: sehemu kubwa ya nishati anayochoma haiendi kwenye pedeli, inageuka joto, kiasi cha mara kumi ya lile linalotoka kwa mtu aliyetulia, ambalo ni kama wati 100 tu. Hatari yake yeye iko kwenye mteremko, miguu inapoacha kufanya kazi na upepo unapoingia. Tarehe 5 Juni 1988, kwenye mlima Gavia katika Giro, mwendeshaji Johan van der Velde alifika kileleni wa kwanza katikati ya theluji akiwa na mikono mifupi, kisha alipoanza kuteremka baridi ikamsimamisha, akamaliza zaidi ya dakika 40 nyuma. Andy Hampsten, ambaye timu yake ilimwandalia nguo nzito na chai ya moto, alivaa jezi ya waridi ya anayeongoza Giro jioni ile na akaja kushinda mbio nzima. Yaliyompata Van der Velde kwa dakika chache kwenye mteremko humpata shabiki polepole, amesimama wima, bila kujua.

Nguo ya kwanza kugusa mwili isiwe ya pamba. Fulana ya pamba ikilowa hubaki imelowa, inashikana na ngozi na kukupoza kutwa nzima. Vaa sufu au poliesta, juu yake sweta nene, juu kabisa koti lisilopitisha maji. Anayepanda kwa miguu au kwa baiskeli apande koti likiwa wazi, maana jasho hulowesha sawasawa na mvua. Akifika avue fulana ile papo hapo na kuvaa kavu, kabla hajakaa, kabla hajapiga picha. Nguo kavu zifungwe ndani ya mfuko wa plastiki ndani ya begi, kwa sababu mabegi mengi huvuja kwenye mishono. Glavu beba jozi mbili. Chini ya miguu weka kipande cha sponji au kadibodi nene: ardhi iliyolowa hunyonya joto kupitia soli, na wengi huanza kuganda miguuni wakidhani tatizo ni soksi.

Na hapa, Mhariri, gazeti lenyewe lina kazi. Kabla ya makoti mepesi ya siku hizi, waendeshaji waliofika kileleni walipokea magazeti kutoka kwa watu wa kando ya barabara na kuyasukuma ndani ya jezi, kifuani, kabla ya kuteremka. Karatasi huzuia upepo na hushika hewa tulivu kati ya kurasa, na hewa iliyotulia haipitishi joto kirahisi. Shabiki anaweza kufanya vivyo hivyo: kurasa nne au tano zilizokunjwa mara moja, zikae kati ya fulana na sweta, zifunike kifua na tumbo. Zisikae juu ya sweta chini ya koti linalovuja, maana karatasi iliyolowa haina faida tena. Kurasa nyingine zifinyange uzijaze ndani ya viatu vilivyolowa, uzibadilishe zikishalainika. Zitavuta maji mengi kuliko kuvianika kwenye hewa ya unyevu. Kumpa mwendeshaji gazeti au koti, hapana. Wahudumu wa timu wanajua nani anahitaji nini na wamesimama mahali walipopanga naye. Mkono wa mgeni ukijitokeza ghafla mbele ya mtu mwenye vidole vilivyoganda ni ajali inayosubiri kutokea.

Dalili za mwili kupoa kupita kiasi zinafaa kukaririwa. Kwanza mtu anatetemeka bila kujizuia, anashindwa kufunga kifungo, anajikwaa. Kisha maneno yanakuwa mazito mdomoni, anajibu hovyo, anataka tu aachwe akae. Kutetemeka kukikoma huku bado ana baridi, usiseme amepata nafuu. Hapo joto la mwili limeshuka mno, na daktari anahitajika sasa hivi. Mtoeni kwenye upepo, mvueni nguo zilizolowa, mvisheni kavu, wekeni kitu kati yake na ardhi, mfunikeni hadi kichwani, uso ukiwa wazi. Akiwa na akili zake na anaweza kumeza, apewe kinywaji cha moto chenye sukari. Msimsugue mikono na miguu, wala msimpe pombe. Pombe hufungua mishipa ya ngozi, mtu akajihisi ana joto huku joto la ndani linakimbia. Na wale wanaolala kwenye hema au gari lao mlimani wasiwashe jiko ndani kwa ajili ya kujipasha joto. Moto kwenye nafasi iliyofungwa hutoa kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi, na huua watu usingizini.

Radi ina kanuni fupi. Ukiona mwanga, hesabu sekunde hadi ngurumo. Kila sekunde tatu ni kilomita moja. Zikiwa chini ya 30, ondoka mahali pa wazi, na usirudi hadi zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Gari la bati lililofungwa madirisha ni kinga. Hema, mti ulio peke yake na mwavuli si kinga.

Mahali pa kusimama ndipo usalama wa shabiki na wa mwendeshaji unapokutana. Kwenye mteremko uliolowa usisimame nje ya kona, hata kama picha ni nzuri. Tairi ikipoteza mshiko, baiskeli haifuati kona tena, inakwenda moja kwa moja nje, na kwenye milima hiyo watu huteremka kwa kilomita 80 kwa saa na zaidi. Ndani ya kona napo waendeshaji hupita wakigusa ukingo. Bora ni sehemu iliyonyooka ya kupanda, juu ya ukingo wa udongo uliokaa imara, nyuma ya mtaro. Epuka chini ya mwamba, kwa kuwa mvua hulegeza mawe. Epuka pia ukingo wa bonde uliolainika kwa maji, maana unaweza kubeba mtu mmoja na ukaporomoka chini ya kumi. Kwenye tambarare yenye upepo wa ubavuni, simama upande unakotoka upepo. Waendeshaji hujipanga mshazari kujikinga, na wanaokosa nafasi husukumwa hadi ukingo wa upande wa pili kabisa, gurudumu likitembea sentimita chache kutoka kwenye majani.

Mwavuli uwe wa wakati wa kusubiri tu. Pikipiki ya kwanza ya polisi ikipita, ukunje. Mwavuli wa kawaida hutokeza kiasi cha nusu mita mbele ya anayeushika, na upepo ukivuma kutoka upande wanakotoka waendeshaji anauinamisha kuukabili, akajiziba macho upande ule ule. Mwaka 2021, siku ya kwanza ya Tour, bango moja la kadibodi lililoshikwa na mtu aliyekuwa ameipa mbio mgongo lilimwangusha mwendeshaji Tony Martin na sehemu kubwa ya kundi. Mwavuli una vyuma juu ya hayo. Makoti ya nailoni yasiyo na vifungo yafungwe kiunoni kwa kamba, kwani upepo wa kundi linalopita huyainua, na nailoni ikinaswa kwenye gia husimamisha gurudumu. Jambo dogo lisilozingatiwa ni kofia ya koti la mvua. Ukigeuza kichwa, kofia haigeuki nacho. Unabaki unatazama kitambaa, na matone yanayoipiga yanakuzuia kusikia. Ivue waendeshaji wanapokaribia, au geuza mwili wote.

Kuhusu rangi: wanaoandika majina ya vipenzi vyao barabarani waache kona na miteremko yote. Lami iliyolowa ina mshiko wake, lakini rangi iliyolowa huteleza kama sabuni. Waendeshaji huikwepa hata mistari myeupe ya kawaida. Wasitafutiwe mtego mwingine na watu wanaowapenda.

Kundi la kwanza likishapita, mbio hazijaisha. Siku ya mvua nafasi kati ya vikundi hutanuka, na walio nyuma wanaweza kuchelewa nusu saa na zaidi. Hao ndio walio hoi kuliko wote, na ndio wanaokutana na watu waliokwisha kuingia barabarani wakidhani imetosha. Subiri gari la mwisho, lile linaloitwa gari la ufagio, kisha gari la polisi linaloashiria barabara imefunguliwa. Kwa wanaoteremka kwa baiskeli baada ya hatua kuishia kileleni, kumbukeni kwamba waendeshaji nao huteremka kufuata mabasi yao, mara nyingi wakipuliza filimbi. Ukisikia filimbi nyuma yako, shika upande wa kulia wa barabara ulikokuwa, usiyumbe. Jaribu breki zako kabla hujaondoka na tena kila baada ya muda mfupi, maana breki za kubana rimu huchelewa kushika zikilowa, na vidole vilivyoganda haviwezi kupima nguvu. Saa hiyo ndiyo watu hupoa kuliko saa zote: msisimko umekwisha, jasho limepoa, foleni ya magari haisogei. Fulana kavu ya mwisho na kinywaji cha moto viwekwe kwa ajili ya wakati huo, si kwa ajili ya asubuhi.

Ombi langu kwa meza yako ya michezo ni dogo. Siku inayotangulia hatua ya mlimani, mkiandika nani anapewa nafasi ya kushinda, tengeni kisanduku kimoja chenye urefu wa kilele kwa mita, utabiri wa kileleni na si wa mjini, saa ya kufungwa barabara, nyakati tatu za kupita, na mahali pa pili pa kutazamia endapo njia itakatwa. Chini yake wekeni namba ya dharura ya nchi husika. Kwa Ufaransa na Italia ni 112.

Msomaji wenu,
Mfuatiliaji wa mbio za baiskeli